Kwa Nini Mpunga Hunyauka Ndani ya Maji: Prolini na Kimeng'enya Chake

Mkulima wa bonde la Pangani, mkoani Tanga, akikwambia mpunga wake unanyauka huku jaruba limejaa maji, usidhani anatania. Kiangazi mto hupungua nguvu, maji mengi yakiwa yameshatumika huko juu, na bamvua likija, yaani maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida, bahari hupanda mtoni. Kwa macho maji ni yale yale. Ukiyaonja, unatema.

Wanaokata kachumbari wanaijua habari hii bila kwenda maabara. Nyunyizia vitunguu chumvi, subiri kidogo, utakuta bakuli lina maji. Chumvi iliyo nje ya seli imeyavuta yaliyo ndani. Mizizi ya mpunga nayo hupatwa na mkasa huo: imezungukwa na maji, kuyanywa haiwezi. Na mpunga ni mwepesi kuumia. Mavuno huanza kupungua chumvi ya udongo ikipita takribani desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme), wakati maji ya bahari yenyewe hufika kama 50.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Unachofanya ni kujaza ndani ya seli kitu chenye kuvuta maji kama chumvi, lakini kisichoharibu protini zake. Kimojawapo ni prolini, mojawapo ya asidi amino 20 zinazojenga protini. Mwaka 1954 watafiti Kemble na Macpherson waliikuta imeongezeka katika nyasi zilizoachwa zinyauke, na tangu hapo imechunguzwa katika mimea chungu nzima.

Malighafi yake ni glutamati, ile ile ambayo chumvi yake huuzwa dukani kwa ajili ya kukoleza mchuzi. Kimeng'enya kinachoipokea, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinaitwa pirolini-5-kaboksileti sinthasi. Sisi wa maabara husema P5CS, ulimi upumzike. Ni protini moja yenye kazi mbili. Upande mmoja huibandika glutamati fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, yaani hugharimia nishati. Upande wa pili huiondoa fosfati hiyo na kutia elektroni za NADPH, molekuli inayozibeba. Kinachotoka hapo hakitulii, hujikunja chenyewe kikawa pete, bila kusaidiwa na yeyote. Kisha kimeng'enya kingine, P5CR, hukamilisha prolini. Bakteria aina ya E. koli hutumia protini mbili tofauti kwa zile kazi mbili za mwanzo. Mimea, na hata sisi binadamu, tunazo zikiwa zimeungana. Mtu akizaliwa na hitilafu katika vimeng'enya hivi, ngozi yake huweza kulegea na kukunjamana tangu utotoni, kwa sababu kolajeni, protini inayoikaza ngozi, hutumia prolini kwa wingi.

Kinachonivutia mimi zaidi ni breki yake. Prolini ikishakuwa nyingi hurudi kuikamata P5CS na kuipunguza kasi, kama mpika vitumbua anayechomoa kuni sinia likijaa. Mwaka 1992 jeni ya P5CS ilipatikana kutoka kwa mmea wa jamii ya kunde, aina inayolimwa sehemu kame za India. Mwaka 1995 ikaripotiwa kwamba tumbaku iliyopandikizwa jeni hiyo ilitengeneza prolini mara 10 hadi 18 zaidi ya tumbaku ya kawaida, na ikavumilia ukavu na chumvi vizuri zaidi.

Hapo ndipo wauzaji wa chupa za kupulizia wanapopata maneno. Utaambiwa asidi amino "zinafukuza chumvi" shambani. Chumvi iliyo udongoni haifukuzwi kwa kupulizia majani. Tena katika baadhi ya majaribio ya mpunga, aina dhaifu ndizo zilizokutwa na prolini nyingi kuliko zile zinazostahimili. Kwa hiyo prolini yaweza kuwa ngao, na yaweza kuwa kilio. Tunapoipima tunachemsha maji ya jani lililosagwa pamoja na kemikali iitwayo ninhidrini katika asidi, nayo hugeuka nyekundu. Nikiona wekundu umekolea siupongezi mmea. Nauliza maji ya shamba yametoka wapi.

Wala si kila mmea wa pwani unaitegemea. Mchu, ule mkoko ambao majani yake ukiyalamba yana chumvi, huitoa chumvi nje kupitia majani hayo, na ndani hutumia zaidi kitu kingine kiitwacho glisini betaini.

Mwenye jaruba aanze na maji. Yapimwe chumvi kabla ya kufungulia mfereji, hasa siku za bamvua. Maji baridi yakipatikana, yapitishwe shambani na kutolewa, yaondoke na chumvi. Bila mtaro wa kutolea, chumvi inabaki pale pale. Udongo ulioshikwa na sodiamu, ule unaoganda na kukataa kupitisha maji, huhitaji pia jasi, baada ya kupimwa.

Masika yakishuka na chumvi ikapungua, mmea huigeukia prolini uliyoiweka. Kimeng'enya kingine, ndani ya mitokondria, huanza kuivunja, na nishati yake hutumika kuchipuza majani mapya.