Sinn: jino la Kiarabu na yanayosemwa juu yake

Dhana: sinn ni jino, basi.
Ukikuta *as-sinn* kwenye fomu ya Kiarabu, usiandike 32. Unaulizwa umri. Neno ni lile lile, na siri yake iko zizini: Waarabu wafugaji walijua umri wa mnyama kwa kumfunua mdomo. Aliyekwisha kung'oa meno ya mbele ya utotoni ni *thanī*. Kwa ngamia huhesabiwa miaka 5, kwa ng'ombe 2. Ndiyo maana mnyama wa kuchinja Iddi kwa kawaida hutakiwa awe *musinna*, yaani aliyekwisha kufikia hatua hiyo ya meno. Mnunuzi mzoefu hata leo hamuulizi muuzaji, humfunua mbuzi midomo. Na mzee huitwa *kabīr as-sinn*, yaani "mkubwa wa jino", hata kama kinywani halikubaki hata moja.

Dhana: basi sinn na sana (mwaka) ni ndugu.
Hapana. Neno la jino lina nuni (herufi n) mbili, la mwaka lina moja, na wingi wake *sanawāt* unaonyesha wau (herufi w) ya mzizi. Shida ni kwamba mwaka una wingi mwingine, *sinūn*, na Wairaki meno huyaita *snūn*. Mmisri yeye husema *sinān*, na jino moja *sinna*.

Dhana: "sinatun" ya Ayatul Kursiyyu ni jino.
Hili nimelisikia kwa mtu mzima, tena aliyehitimu chuoni. Ile ni kusinzia, mzizi wake *w-s-n*. Jino la Qurani liko Al-Maida aya ya 45: *was-sinna bis-sinn*, jino kwa jino.

Dhana: dhirs ndiko lilikotoka darasa.
Sikio la Kiswahili linadanganyika. Darasa lina herufi dali, *ḍirs* lina dhadi. *Ḍirs* ni gego, ingawa Ghuba utasikia wingi wake, *ḍurūs*, ukitajwa kwa meno yote.

Dhana: pembe ya ndovu ni pembe.
Hapa Waarabu wametuzidi: huiita *sinn al-fīl*, na kweli ni jino, la mbele la juu. Wanaoiita *nāb*, yaani chonge, wamekosea kidogo tu.

Dhana: sinn lazima iwe kinywani.
Ncha ya kalamu ni sinn, meno ya gia vilevile. Mpishi wa Damascus akikwambia utie *sinnēn tūm*, usishtuke: anataka punje mbili za kitunguu saumu. Wa Cairo angesema *faṣṣēn*.