Uchunguzi wa siku moja wa antibayotiki katika wodi za watoto

Stoo ya dawa inaweza kukwambia chupa ngapi za antibayotiki zimetoka mwezi huu. Haiwezi kukwambia zilimwendea mtoto yupi, kwa ugonjwa gani na hadi lini. Majibu hayo yamo kwenye mafaili ya wagonjwa, na uchunguzi wa siku moja ni utaratibu wa kuyasoma yote kwa pamoja.

Wodi inapangiwa siku. Kila mtoto aliyekuwa amelazwa saa mbili asubuhi anahesabiwa, na anayetumia antibayotiki anajaziwa fomu: umri, uzito, dawa, dozi, mara ngapi kwa siku, sindano au ya kunywa, na sababu ya kupewa. Fomu pia huuliza kama tarehe ya kusitisha au kupitia upya dawa imeandikwa. Taarifa huingizwa kwenye programu ya mtandaoni kwa namba, bila jina la mtoto, kisha hospitali hupata ripoti inayoilinganisha na nyingine.

Kwa nini wasipime gramu tu? Kipimo kilichozoeleka, dozi ya kigezo ya siku, yaani wastani wa dawa anayotumia mtu mmoja kwa siku, kimetengenezwa kwa mtu mzima wa kilo 70. Kwa antibayotiki ya sindano iitwayo seftriaksoni ni gramu 2. Mtoto wa kilo 5 akipewa miligramu 80 kwa kila kilo, anapata miligramu 400 kwa siku. Kwa hesabu ya gramu, watoto watano walio kwenye dawa wanaonekana kama mtu mzima mmoja! Wodi yenye vichanga wengi itasifiwa kwa kubana matumizi ilhali haijabana chochote. Ndiyo maana kwa watoto huhesabiwa vichwa, au siku za matibabu.

Mfano mkubwa ni mradi wa Ulaya uitwao ARPEC. Mwaka 2012 ulikusanya taarifa kwa njia ya mtandao kutoka hospitali 226 katika nchi 41, zikiwemo za nje ya Ulaya. Kati ya watoto 17,693 waliolazwa, asilimia 36.7 walikuwa kwenye dawa za kuua vijidudu. Jambo moja lilijitokeza karibu kila mahali: dawa ya kinga wakati wa upasuaji iliendelea zaidi ya siku moja, ingawa mara nyingi haihitajiki hivyo. Kuanzia 2015, Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, kimeratibu uchunguzi wa aina hiyo duniani kote, kwa watoto na watu wazima. Kenya na Tanzania nazo zina hospitali zilizokwisha kufanya uchunguzi wa siku moja.

Asilimia kubwa peke yake si kosa. Hospitali ya rufaa yenye watoto wa saratani na vichanga njiti lazima itumie dawa nyingi kuliko ya wilaya, na mtu anayezipanga kwa ngazi kama timu za ligi anapotosha. Tena uchunguzi huu ni picha ya siku moja. Mlipuko wa nimonia wiki hiyo utaibadilisha. Mimi ningeanza na safu mbili, ya sababu na ya tarehe ya kusitisha. Zikiwa tupu, mfamasia hana hata pa kuanzia kumuuliza daktari, na hizo hazihitaji maabara wala dawa mpya kurekebishwa: zinahitaji kalamu wakati wa raundi ya asubuhi, kisha uchunguzi urudiwe kuona kama zimejazwa.