BrightDrop: kiwanda kizima kwa gari moja

Kila nikitaja BrightDrop, gari la vifurushi la umeme ambalo General Motors waliacha kuliunda 2025, mtu huniuliza: betri ilikuwa mbovu? Hapana. Kampuni ilikadiria kilomita 400 kwa chaji moja. Mimi kazi yangu ni kupiga hesabu za magari ya kusambaza mizigo, na kwa jicho langu ugonjwa ulikuwa kiwandani.

Mradi ulitangazwa Januari 2021. Gari likaitwa EV600 kwa sababu sanduku lake lilizidi futi za ujazo 600. Lilitoka kwenye michoro hadi barabarani kwa miezi 20 (kasi ya ajabu, tuwape haki yao), na Desemba hiyohiyo FedEx wakapokea matano ya kwanza. Mwaka 2022 kiwanda cha CAMI, Ingersoll, Ontario, kikaacha kuunda Chevrolet Equinox, kikageuzwa chote kwa ajili ya gari hili.

Chote! Na gari lina bodi yake, chesisi yake, halina ndugu wa petroli. Kitazame kipanya, ile Toyota HiAce: bodi ileile hubeba abiria, hubeba wagonjwa, hubeba mizigo. Ford walifuata njia hiyo. E-Transit, gari lao la mizigo la umeme, hutoka kiwanda kilekile cha Missouri kinachounda Transit ya petroli, kwa hiyo oda za umeme zikilegea, mafundi wanaendelea na za petroli. CAMI hawakuwa na pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2023 moduli za betri zilikosekana, kazi ikasimama hadi mwaka uliofuata. Mei 2025 ikasimama tena, safari hii kwa uhaba wa oda.

Tena kilomita 400 za nini? Gari linalozunguka mtaani na kulala yadi halihitaji nusu yake, lakini mnunuzi anailipia betri yote na kuibeba kila siku. Toleo la betri ndogo lilikuja baada ya gari kuhamishiwa Chevrolet mwaka 2024. Walichelewa.

Septemba 30, 2025 nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme ilikoma Marekani. Oktoba 21, General Motors wakafunga mradi, wakilalamikia soko lililokua polepole na sheria zilizobadilika.

Wateja wangu sasa wanauliza kama wanunue yaliyotumika. Nawajibu: hakikisheni kwanza vioo vya mbele na milango ya spea vinapatikana, maana bodi hii haina ndugu. Mota hainitii wasiwasi.