Chumba cha Juu Melini Si Lazima Kiwe Bora

Wasafiri wengi wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huamini kwamba kadiri chumba kilivyo juu na ghali zaidi, ndivyo safari itakavyokuwa tulivu. Kwa mtu anayelevywa upesi na bahari, imani hiyo humgharimu fedha na usingizi.

Meli ikipigwa na mawimbi huyumba ubavu kwa ubavu, na wakati huohuo omo (sehemu ya mbele ya meli) na tezi (sehemu ya nyuma) hupanda na kushuka kwa zamu, mfano wa pembea ya ubao ambayo aliyeketi katikati hahisi mengi. Kwa sababu hiyo, chumba kilicho katika sitaha za chini, karibu na katikati ya meli, ndicho kinachotikisika kidogo zaidi, ilhali chumba cha fahari kilichoko juu kabisa upande wa omo hupokea mitikisiko yote miwili. Mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji hupunguza kule kuyumba, lakini hayasaidii sana dhidi ya kupanda na kushuka kwa omo na tezi.

Wazoefu huongeza jambo jingine, nami naliunga mkono kwa dhati: kabla ya kulipa, tazama ramani ya sitaha uone kilichopo juu ya dari yako. Anayelala chini ya bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa sakafuni alfajiri. Dirisha nalo lina faida, kwa kuwa kutazama upeo wa macho huyapatanisha macho na sikio la ndani, ambalo huhisi mwendo wa mwili. Dawa ya kichefuchefu hufaa zaidi ikimezwa kabla dalili hazijaanza.