Kwa nini matiti hujaa na kuuma kabla ya hedhi, na uvimbe upi usiusubirishe?

Siku tano au sita kabla ya hedhi, wanawake wengi huhisi matiti yamejaa, mazito, yanauma hata yakiguswa na kanga tu. Ukipapasa upande wa juu, karibu na kwapa, unakuta vijinundu kama punje za mtama. Hofu inaingia. Hedhi ikishakuja, vijinundu vinanywea na maumivu yanaondoka. Vilitoka wapi?

Titi lina mafungu 15 hadi 20 ya tezi za maziwa, na mirija inayoelekea kwenye chuchu. Katikati yake kuna mafuta na nyuzi. Kila mwezi mwili hujiandaa kwa mimba ambayo huenda isitungwe: homoni ya estrojeni huipanua mirija, kisha yai likishatoka, projesteroni huzifanya tezi zivimbe na maji hukusanyika. Upande wa kwapani ndio wenye tezi nyingi, ndiyo maana huko huuma zaidi. Mimba isipotungwa, homoni hushuka na titi hulegea.

Kwa hiyo ukijipapasa siku mbili kabla ya hedhi unajitia hofu bure. Subiri damu ikatike, takriban siku ya 7 hadi ya 10 ukihesabu tangu ilipoanza. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Paka sabuni unapooga, laza vidole vitatu vya kati, pita titi zima hadi kwapani na juu hadi kwenye mtulinga. Unayajua matiti yako: lipi kubwa kuliko jingine (kwa wengi hayalingani), chuchu ipi imezama tangu utotoni. Ukiyajua hivyo, kigeni kikija utakitambua.

Umri nao una mambo yake. Kichanga huweza kuzaliwa na matiti yaliyovimba kwa homoni za mama; msiyakamue, yanaweza kupata jipu. Msichana anayevunja ungo huweza kuota bonge chini ya chuchu moja kabla ya nyingine. Hilo ndilo titi lenyewe linaanza, na likikatwa halitaota tena. Mjamzito chuchu huwa nyeusi zaidi na dang'a huweza kutoka mapema. Baada ya kukoma hedhi tezi hupungua na titi huwa laini, kwa hiyo uvimbe mpya katika umri huo usiachwe hata wiki.

Uvimbe mwingi si saratani. Kwa vijana mara nyingi ni wa mviringo, kama kipande cha mpira, unakwepa kidole; kwa wenye miaka 35 hadi 50 huweza kuwa kifuko cha maji. Lakini kidole hakitoshi kutofautisha. Uvimbe ambao hedhi imepita na bado upo, nenda nao hospitali. Usingoje hedhi ukiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani, chuchu inatoa damu au ina kidonda kisichopona, au kuna uvimbe kwapani usioondoka. Na tafadhali usiseme "hauumi, kwa hiyo si kitu." Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, na kutouma huko ndiko kunakowaweka dada na mama zetu nyumbani miezi mingi. Wanaume pia huipata, ingawa kwa nadra.

Anayenyonyesha, titi likiwa jekundu, la moto, na homa juu, aendelee kunyonyesha na aende akatibiwe. Akimaliza dawa na wekundu bado upo, arudi, kwa sababu ipo saratani inayofanana na maambukizi hayo.

Hospitali utapapaswa, utapigwa utrasaundi au mamografia (eksirei ya titi), na ikibidi utachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, kikapimwe. Wengi hukimbia hapo wakiamini sindano huiamsha saratani ikasambaa. Sivyo. Bila kinyama daktari hajui anachotibu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Ukipewa dawa za maumivu tu na uvimbe bado upo, rudi, uliza kipimo gani kinafuata na ni lini.