Umeona chura usiyemjua msituni? Mwache hapohapo

Tangu Novemba 2025 itoke ile habari ya vyura watatu wapya wa Tanzania, wale wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, simu hapa ofisini hazipoi. Wengi wanatuma picha, sawa, ila wapo wanaokuja na chura mwenyewe kwenye chupa ya maji, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, na swali ni "jina langu atapewa lini?" Moyo tunaupenda, ila tuelewane.

Wale watatu hawakuokotwa juzi. Vyura wa aina hiyo wa Udzungwa na Mahenge walishaonekana zamani, wakawa wanahesabiwa ni spishi moja na Nectophrynoides viviparus, chura aliyepewa jina mwaka 1905. Kazi ilikuwa kurudi kwenye vielelezo, yaani vyura waliohifadhiwa, vilivyokaa makumbusho ya Berlin zaidi ya miaka 100, kutoa DNA humo na kulinganisha na vyura wa sasa. Ndo maana picha ya simu peke yake haitoshi, lazima kuwe na kielelezo makumbusho, vipimo, sauti ikipatikana, na maelezo yachapishwe rasmi. Hapo ndo jina linahesabika. Na hapana, jina halinunuliwi ofisini kwetu.

Sasa vibali, maana hapa ndo watu wananuna. Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), mambo ya wanyamapori yanapita TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), ukiingia hifadhi ya taifa kama Udzungwa kuna TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), msitu wa hifadhi wa serikali kuu ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), msitu wa kijiji unaanza na serikali ya kijiji. Kimoja hakifuti kingine! Kutoa sampuli nje ya nchi ni kibali tofauti kabisa, na jenasi nzima ya Nectophrynoides, yaani kundi zima la vyura hawa, ipo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hiyo ndo orodha kali kuliko zote, hata chura akiwa amekufa, hata kipande. Ukikamatwa bila kibali kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, inaweza kuwa faini, kifungo au vyote, na "nilikuwa nasaidia sayansi" sio utetezi.

Kingine ni buti. Chura wa Kihansi, wa jenasi hiyohiyo, aligunduliwa 1996, bwawa la umeme likapunguza maji ya maporomoko, halafu 2003 wakafa kwa wingi na fangasi wa ngozi akakutwa kwao, 2009 akatangazwa ametoweka porini. Walionusurika ni waliokuwa wanafugwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo kule Marekani, wakaanza kurudishwa 2012. Fangasi huyo anasafiri na tope, so osha buti na uzikaushe kabisa kabla ya kuhamia msitu mwingine.

Ukimwona chura wa ajabu piga picha mgongo, ubavu na vidole, rekodi sauti, andika tarehe na mwinuko, tutumie. Lokesheni kamili usiipost, wanunuzi wa vyura wa porini nao wanasoma. Na ndugu anayetutumia kila wiki yule chura wa bafuni kwake, ni wa kawaida, tulishamjibu.