Griti ikiingia kwenye poda ya kung'arishia mawe

Mafundi wa mawe hapa Mwanza huniuliza sana: poda imechanganyika na griti (punje kali za kusagia mawe kabla ya kung'arisha), niitupe? Kwanza nataka kujua nini kimeingia ndani ya nini.

Poda laini ikidondokea kwenye griti namba 60 (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa), endelea na kazi, haidhuru kitu. Hasara ni kinyume chake. Punje ya namba 60 ina upana wa karibu robo milimita, ilhali poda ya kung'arishia ni mikroni chache tu, yaani maelfu machache ya milimita. Silikoni kabaidi, ambayo ndiyo griti yenyewe, inazidi 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, jiwe la akiki ni 7. Punje chache zikizunguka na akiki ndani ya pipa la kung'arishia siku kadhaa, mawe yatatoka na mikwaruzo ambayo poda haiwezi kuifuta. Itabidi urudi hatua za nyuma.

Ukiwa na shaka, jaribu kwa kioo. Weka poda kidogo kwenye kipande cha kioo, tia tone la maji, funika kwa kipande kingine, sugua kwa kuzungusha. Poda safi huteleza kimya. Yenye griti hukwaruza, na vidole huigundua kabla ya macho. Kisha suuza kioo, kiinamishe kwenye mwanga wa taa: mistari mirefu inayoonekana wazi ndiyo ushahidi.

Poda hiyo usiitupe haraka, maana inatoka nje na bei yake inauma. Ikiwa ni ya alumini oksaidi, maji yataitenganisha. Ikoroge kwenye ndoo ya maji safi, uongeze tone la sabuni ya vyombo ili chembe zisigandane. Acha itulie. Kwenye maji ya kina cha sentimita 10, griti namba 60 hufika chini kwa sekunde chache, namba 500 kwa dakika kadhaa, lakini chembe ya mikroni 2 huchukua saa kadhaa. Baada ya dakika 10, mimina taratibu maji meupe ya juu kwenye chombo kingine, ukiacha robo ya chini bila kuigusa. Rudia, halafu acha yale meupe yatulie hadi kesho yake. Pima tena kwa kioo. Ikikwaruza bado, ihamishie hatua ya griti namba 500, huko itafanya kazi.

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui mwingine: mchanga. Graniti ya vilima vyetu ikimomonyoka huacha punje za kwatzi, zenye ugumu sawa na akiki, na upepo wa ziwani huzileta hadi mezani. Maji ya kuchota ufukweni yachuje kwa kitambaa kizito, na kopo la poda lisikae wazi hata kidogo.

Pipa la kung'arishia liwe la kazi hiyo tu, pamoja na mfuniko wake. Vipande vya plastiki vya kujazia pipa vilivyotumika na griti visiingie humo, kwa sababu griti hujikita ndani yake. Mawe yenye nyufa yaondoe kabla, maana nyufa nazo hubeba griti.

Tope lililobaki usilimwage kwenye sinki, litaganda kwenye bomba, wala mtaroni, kwani mitaro mingi ya mjini huishia Mto Mirongo na ziwani. Liache litulie ndooni, mwaga maji ya juu kwenye udongo, lizike likiwa bado bichi. Likikauka, vumbi lake huharibu mapafu.